Nafasi Tupu Kati ya Baba Mukubwa na Walevi

Kama umewahi kuishi Bel-Air, hapa Lubumbashi, na umri wako unakaribia wangu, huenda umeshasikia habari ya binti aliyesimama mbele ya maprofesa akatangaza kwa sauti safi kabisa kwamba baba yake mkubwa na mama yake mkubwa ni walevi wa kupindukia, na huyo binti, nifanyeje sasa, ni mimi Numbi. Nasimulia mwenyewe kwa sababu nikiwaachia wengine wataongeza chumvi, na niamini, mkasa huu una chumvi yake ya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, wakati sote tuliitwa citoyen na citoyenne, yaani raia, majina ya ubatizo tumeyafungia kabatini (nilibatizwa jina zuri la mtakatifu, lakini kwenye karatasi nilikuwa Numbi tu), na wanaume wa heshima walivaa abacost, lile koti lisilo na tai, hata jua likiwaka namna gani. Baba yangu mzazi alifariki ningali mdogo, huko kwetu kaskazini upande wa Kabalo, na kaka yake, Baba mukubwa Banza, akanileta Lubumbashi kwa treni, akaniingiza nyumbani kwake kama mtoto aliyezaliwa humo humo. Alikuwa shoferi. Kila asubuhi aliendesha basi la kupeleka wafanyakazi kwenye kiwanda cha shaba, na jioni aliwarudisha, na katika maisha yake yote sikuwahi kumwona na glasi ya pombe. Kwenye harusi alikunywa munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi ambayo hata watoto wanakunywa, na hata hiyo aliinusa kwanza kuhakikisha haijachacha sana. Mama mukubwa Ngoie, mke wake, naye hakunywa. Yeye ulevi wake ulikuwa masufuria. Aliyasugua kwa majivu na mchanga mpaka ukajiona uso, akayapanga sebuleni, si jikoni, ili mgeni akikaa ayaone.

Nakueleza haya ili ujue niliwatupia tope watu wa namna gani.

Nilikuwa namaliza masomo yangu ya kwanza ya chuo kikuu, na kila mwanafunzi alitakiwa kuandika kazi ndefu kwa Kifaransa na kuitetea hadharani. Mimi niliandika juu ya ulevi katika mitaa ya wafanyakazi. Niliwahoji wapishi wa lutuku (hiyo ni pombe kali inayochemshwa uani, ukiiwashia kiberiti inawaka), nikawahoji wake za wanywaji, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Aliyenisimamia alikuwa mwalimu msaidizi wa chuo, Assistante Mujinga, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumkemea mtu, lakini kalamu yake ya risasi ilikuwa haikubali uvivu. Alisoma muswada wangu wote, na pale sura ya kwanza inapoanza akaandika pembeni maneno mawili: "Ils, qui?" Yaani, hao "wao" ni akina nani?

Maana mimi sura yangu ilianza hivi, nikiigeuza kwa Kiswahili: "Wao huanza kunywa asubuhi, kabla ya kwenda kazini." Kichwa cha sura, juu yake, kilisema "Walevi wa mtaa". Nikamwambia Assistante kwamba kichwa kimeshasema ni walevi, nani atakayekosa kuelewa?

"Kichwa ya sura haiko sentensi," akanijibu. "Kesho inaweza kutoka, na ile neno yako itabaki inatafuta mwenyewe. Taja bantu kwanza, kisha useme bao." (Kwetu Lubumbashi bantu ni watu, na bao ni wao.)

Nikaitikia ndiyo. Nikaenda. Sikusahihisha, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeamua kwamba mambo ya kiwakilishi na paragrafu ni ya watoto wa shule ya msingi, ya masista na rula zao, na kwamba mtu aliyefika chuo kikuu anapimwa kwa mawazo. Tena nilikuwa nimeshika vitabu fulani vinene vya wanafalsafa, ambavyo ukurasa mzima haupumui, maneno yamebanana kama mahindi kwenye gunzi, na nikajisemea huo ndio usomi wenyewe. (Sikuwa nimevielewa vitabu hivyo. Nilipenda tu sura yake.)

Basi nikapeleka kazi kwa mpiga chapa, Citoyen Kasongo, aliyekuwa na mashine yake karibu na mto, pale Naviundu. Siku hizo kazi ilipigwa kwenye stensili, zile karatasi za nta, halafu ndiyo inatolewa nakala, na stensili zilikuwa adimu kuliko sukari. Alipokaribia kutoa karatasi ya kwanza akasimamisha vidole.

"Citoyenne, stensili haitatosha," akasema. "Kama tunaacha hizi nafasi zote, na hizi bichwa, mwisho ya kazi yako haitaingia. Nifanye namna gani?"

Hapo ndipo. Ningeweza kusema ngoja nitafute stensili nyingine. Ningeweza kwenda kumwuliza Assistante. Lakini nilikuwa na haraka, siku ya utetezi ilikuwa imeshatangazwa, Baba mukubwa alikuwa ameshaalika watu, na kwa kweli wazo la kurasa zisizopumua lilinifurahisha, nikamwambia kwa ule ubichi wangu:

"Toa bichwa, toa nafasi, unganisha yote. Bantu benye akili banaandikaka bila kupumua."

Akaniangalia kidogo, akainua mabega, akapiga. Yeye kazi yake ilikuwa kupiga ninachosema.

Siku ikafika. Asubuhi ile nyumbani Bel-Air kulikuwa na harufu ya kuku tangu mapema, majirani wanawake wanapika pamoja na Mama mukubwa, na Baba mukubwa amevaa abacost ya rangi ya kahawia aliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Alikuwa amemwalika hata mkubwa wake wa kazi, Citoyen Kalenga, mkuu wa gereji ya mabasi, mtu mnene mwenye maneno machache, kwa sababu alitaka (hili alilisema bila kuficha) aone mtoto wake anasoma namna gani. Walikaa mstari wa mbele kabisa: Baba mukubwa, Mama mukubwa ndani ya vikwembe (vitenge) vipya, Citoyen Kalenga, na nyuma yao nusu ya parokia yetu. Tukaimba wimbo wa chama kama ilivyopasa, maprofesa wakakaa, na mwenyekiti wa jopo, mzee mwenye miwani minene, akaniambia nisome kurasa za mwanzo kabla ya maswali.

Nilikuwa na woga. Mtu mwenye woga haangalii anachosoma, anafuata mstari tu kama anayevuka mto kwenye gogo, na mbele yangu palikuwa na ukuta mmoja wa maneno, hakuna pa kukanyaga. Mwanzo kabisa kulikuwa na shukrani. Nikasoma kwa Kifaransa changu bora kwamba namshukuru Mungu, nawashukuru walimu, na zaidi ya wote nawashukuru Baba mukubwa Banza na Mama mukubwa Ngoie walionilea.

Mama mukubwa hakujua Kifaransa, lakini jina lake alilijua. Alipolisikia akasimama, akapiga kigelegele kirefu, kanga za majirani zikapepea, watu wakapiga makofi, nami nikatabasamu nikasubiri, kisha nikaendelea pale jicho lilipokuwa, na bila hata ya kuvuta pumzi nikasoma:

"Wao huanza kunywa asubuhi, kabla ya kwenda kazini."

Sikusikia kitu. Nakuapia, kichwani mwangu ile nafasi tupu bado ilikuwapo, kile kichwa cha sura kilikuwa bado kimekaa mahali pake, kwa hiyo nilijua kabisa nazungumza juu ya nani. Wengine wote ukumbini hawakujua. Nikasonga mbele, nikasoma kwamba huuza hata masufuria ya nyumbani ili wapate lutuku, kwamba majirani huwasikia wakigombana, na Mama mukubwa, akidhani bado nawasifu, akawa anatikisa kichwa kukubali kila sentensi, mkono kifuani, kwa unyenyekevu. Kicheko kikaanza nyuma, kidogo, kama maji yanayoanza kuchemka. Nikadhani ni lafudhi yangu, nikaongeza sauti. Nikasoma kwamba watoto wanaolelewa na watu hawa mara nyingi hawafaulu shuleni.

Hapo ukumbi ulipasuka.

Mwenyekiti akagonga meza. Palipotulia akavua miwani yake, akaniuliza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Citoyenne, tusaidie. Hao 'ils' ni akina nani?"

Nikatazama karatasi kutafuta. Kidole changu kikarudi nyuma juu ya mistari, kutafuta jina la karibu, kama tulivyofundishwa tangu utotoni kwamba kiwakilishi kinamfuata mtu aliyetajwa karibu nacho, na majina ya karibu yalikuwa mawili tu, na kinywa changu, ambacho hakikunishauri, kikayatamka:

"Ni... Baba mukubwa Banza na Mama mukubwa Ngoie."

Sitakueleza kicheko kile. Nilimtafuta Baba mukubwa kwa macho. Kifaransa alikijua vizuri. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anatazama mbele kama anayeendesha gari kwenye mvua. Pembeni yake Citoyen Kalenga hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Maprofesa walishauriana kidogo, kisha mwenyekiti akasema kazi hiyo haiwezi kutetewa kwa sababu haisomeki, niende nikaiweke sawa, nirudi baada ya majuma kadhaa. Assistante Mujinga alikuwa ameiona nakala ya chapa siku hiyo hiyo kwa mara ya kwanza. Alikuwa anaipekua ukurasa kwa ukurasa, taratibu, akitafuta mahali inapopumua.

Nyumbani kuku alikuwa tayari, bukari, yaani ugali, imesongwa, na wageni, kwa aibu au kwa njaa, walikuja. Mama mukubwa alikuwa bado na furaha yake. Akamwuliza mumewe mbele ya wote:

"Banza, kule ndani bantu balichekea nini?"

Nikaacha kutafuna. Meza nzima ikaacha. Baba mukubwa akamega bukari, akaichovya, akasema:

"Balifurahi. Balisikia jina yako, balifurahi."

Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa naangalia sahani yangu. "Kula, mutoto. Hii kuku haikuandika kintu."

Nimeishi miaka mingi tangu mchana ule na nimepewa zawadi nyingi na watu, lakini sijui kama nimewahi kupewa kitu kinachozidi sentensi hizo mbili.

Ingekuwa yameisha hapo, ningekuwa leo nacheka tu. Kesho yake Baba mukubwa alitoka alfajiri kama kawaida, na kabla jua halijapanda sana tukamwona anarudi kwa miguu. Shoferi kurudi kwa miguu, mapema vile, si habari njema. Akavua kofia, akakaa. Kumbe maneno yalikuwa yamefika kituo cha basi kabla yake. Wafanyakazi waliokuwa wakipanda basi lake kila siku walikuwa wanataniana, usipande, huyu shoferi anaanza na lutuku asubuhi, mtoto wake mwenyewe ameandika, na utani ule ukawa woga, na baadhi wakakataa kabisa kupanda. Citoyen Kalenga akamwita ofisini, akachukua funguo za basi.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema: 'Banza, mi nakujua. Lakini bantu bengi banapanda mu ile basi. Kama neno inaandikwa mu Kifaransa, na muhuri ya université iko juu yake, miye ni nani wa kusema ni uongo? Kaa kwanza, tuangalie.'" Baba mukubwa akapangusa uso. "Kalenga haiko mubaya. Angekuwa mungine angenifukuza."

Na hapo sasa ndipo Mama mukubwa alipopata kujua. Ilibidi nimweleze mwenyewe, kwa Kiswahili chetu, sentensi kwa sentensi, nimepiga magoti. Alisikiliza juu ya kunywa. Alisikiliza juu ya ugomvi. Nilipofika kwenye masufuria akainuka, akaenda mbele ya ile rafu yake, akayagusa moja baada ya jingine.

"Njo uone," akasema. "Iko ngapi inakosekana? Iko ngapi niliuza?"

"Hakuna, mama."

"Sasa ulibaambia vile juu ya nini?"

Utamwelezaje mtu aliyekulea kwamba umemvunjia heshima kwa sababu uliondoa kichwa cha sura na mstari mmoja usio na kitu? Nilitoka, nikaenda chuoni karibu kwa kukimbia, nikamkuta Assistante Mujinga ofisini kwake, na kabla hajanikaribisha nikalia na kueleza yote kwa pumzi moja, bila nukta wala mkato, kama nilivyoandika.

Akanipa kiti. Akaniacha nimalize. Halafu hakuniambia "nilikuambia", ingawa alikuwa na haki yote ya kusema. Alichukua nakala yangu, akaiweka katikati yetu.

"Angalia," akasema. "Wewe unafikiri paragrafu ni pambo. Paragrafu ni namna ya kumwambia muntu: ile neno imeisha, sasa tunaanza ingine. Hapa ulimaliza kushukuru, lakini haukumwambia. Na hii 'ils' nayo haikutajiwa mwenyewe, ikashika bale ilibakuta karibu. Sarufi haijui moyo yako, Numbi. Inajua tu kile uliandika."

Nikasema nimeelewa. Akasema, "Bado. Utaelewa ukimweleza mungine." Akavaa viatu vyake vya kutembelea, akachukua mkoba, akafunga ofisi. "Ile gereji iko wapi?"

Nimekuwa mwalimu mimi mwenyewe baadaye, najua uzito wa siku ya mwalimu, najua marundo yanayosubiri mezani. Assistante Mujinga aliyaacha yote akatembea na mimi kwenye vumbi mpaka gereji ya mabasi, kwa ajili ya shoferi ambaye hakuwahi hata kuzungumza naye.

Citoyen Kalenga alitupokea akiwa amesimama. Alikuwa na nakala ya kazi yangu mezani (maprofesa walikuwa wamewagawia wageni wa mstari wa mbele), na alikuwa amepiga mstari chini ya ile sentensi. Assistante akamwomba asome kwa sauti, akasoma. Akamwuliza "ils" ni akina nani, akajibu kama kila mtu: Banza na mke wake. Basi Assistante akaona ubao mweusi ukutani, ule wa kuandikia safari za mabasi, akaomba chaki, akaomba ruhusa ya kufuta pembe moja. Akaandika sentensi ya shukrani. Chini yake akaacha nafasi pana. Akaandika, "Walevi wa mtaa wako wengi," kisha akafuatisha, "Wao huanza kunywa asubuhi."

"Citoyen, sasa soma."

Kalenga akasoma mara moja kimoyomoyo, mara ya pili midomo ikitembea. Akanigeukia mimi.

"Hii njo ulitaka kusema?"

"Ndiyo, papa."

"Na hii nafasi, uliitoa wewe?"

"Ndiyo, papa. Stensili haikutosha."

Akakaa, kiti kikalia. "Kwangu hapa," akasema, "muntu akitoa kibao ya kituo, basi inapita na bantu banashuka mahali habakujua. Nilifikiri iko kwa magari tu." Halafu akaniambia kitu ambacho kilinifanya nitamani ardhi inifiche: kwamba yeye amesadiki, lakini si yeye aliyekataa kupanda basi, na kwa hiyo kesho asubuhi, wafanyakazi wakikusanyika uwanjani, nije niwaeleze mwenyewe.

Ndivyo nilivyofundisha somo langu la kwanza la sarufi, juu ya sanduku la vipuri, mbele ya wanaume wa zamu ya asubuhi wenye kofia ngumu na vibegi vya chakula, injini zikinguruma nyuma yangu. Assistante alikuwapo. Baba mukubwa alisimama kando, amevaa sare yake, ameinamisha kichwa. Nikaeleza kwamba nilikuwa naandika juu ya walevi fulani, na kabla ya hapo nilikuwa nimemshukuru baba yangu mkubwa, na kwamba hayo yalikuwa maneno mawili yenye nyumba mbili, mimi nikabomoa ukuta katikati. Nikasema kosa ni la mwandiko wangu, huyu baba hajawahi kuonja. Mkono mmoja ukainuka nyuma.

"Citoyenne, kwa hiyo bale bao, njo banani?"

"Ni balevi ba mutaa," nikasema.

"Njo siye, basi," akajibu mzee mmoja pembeni yake, akijigusa kifua na kuwaonyesha wenzake, na uwanja mzima ukacheka, kicheko kizuri, kisichokuwa na mwiba, hata Baba mukubwa akainua uso. Citoyen Kalenga hakuhutubia. Alimwendea tu, akamwekea funguo mkononi, akasema muda unakwenda. Wakapanda wote. Basi likatoka likiwa limejaa, nami nikabaki pale juu ya sanduku nalia, na Assistante Mujinga akinishikia daftari.

Citoyen Kalenga akaniita kabla sijaondoka. Akafungua kabati la ofisi, akanitolea stensili mpya, zaidi ya nilizohitaji. "Acha nafasi," akasema, basi.

Nilirudi kwenye ile kazi mwanzo hadi mwisho. Assistante alinikalisha karibu yake, mchana baada ya mchana, na kila paragrafu akaniuliza swali lile lile: hii inasema neno gani moja? Nisipoweza kujibu, ilikuwa haijawa paragrafu. Nilishangaa kugundua kwamba mahali nilipokuwa nimebananisha maneno mengi ndipo nilipokuwa sijui ninachotaka kusema, kwamba kubanana kule kulikuwa maficho yangu. Nilipoyatenganisha, mengine yalisimama yenyewe, mengine yakaanguka, na kazi ikawa fupi kuliko mwanzo na yenye nguvu zaidi. Citoyen Kasongo aliipiga upya bila kuniambia lolote, ila alipofika mwisho wa shukrani aliinua kichwa akanitazama, akasukuma mashine mistari kadhaa, zaidi ya lazima.

Siku ya utetezi wa pili sikutegemea mtu. Nilikuwa nimewaambia nyumbani kwamba si lazima. Nilipoingia ukumbini nikawakuta mstari wa mbele, abacost ya kahawia, vikwembe vile vile, na safari hii Mama mukubwa alikuwa amemkalisha binti wa jirani karibu naye, amtafsirie kila kitu sikioni, kwa sababu, alisema, hatapigia tena kigelegele jambo asilolijua.

Nikasoma shukrani. Nilipofika majina yao nikasimama, nikainua macho, nikawatazama. Mama mukubwa akamsikiliza mtafsiri wake mpaka mwisho, akahakikisha, na ndipo akasimama. Sijasikia kigelegele kirefu kama kile. Mwenyekiti alivua miwani akaipangusa, akasema, "Tumeelewa ni akina nani, citoyenne. Endelea." Nikageuza ukurasa, nikaanza sura ya kwanza kwa kuwataja walevi wa mtaa kwa jina lao kamili, na nikafaulu, na maksi zilikuwa nzuri, ingawa leo sizikumbuki.

Assistante Mujinga alihamia mji mwingine muda si mrefu, tukapotezana, na sikupata nafasi ya kumshukuru kwa maneno yaliyopangwa vizuri kama alivyonifundisha. Baba mukubwa aliendesha basi lake mpaka alipostaafu kwa heshima, na tulipomzika, Citoyen Kalenga, amezeeka na anatembelea fimbo, alikuja kukaa nasi matanga yote. Mimi nimefundisha Kifaransa katika shule za sekondari za mji huu mpaka mvi zikanishika, na wanafunzi wangu walinilalamikia sana kwamba naharibu madaftari yao kwa kuuliza pembeni "nani?" na "nani?" tena. Waliniona mgumu. Sikuwaeleza sababu. Mtoto akiniletea insha iliyobanana, isiyo na pa kupumulia, nilimrudishia nikamwambia kwa upole, maana mimi nami nilirudishiwa kwa upole: nenda ukawatenganishe watu wako, kwa sababu kuna waliokulea, wamekaa mstari wa mbele, na wanakusikiliza.